CHUMVI YA KATWE NA MOYO WA ASKARI

Asafiriye kwa gari kutoka mji wa Kasese kwenda Bwera huvuka mstari wa Ikweta, akafika Kikorongo, kisha akakata kulia kuelekea magharibi. Mkono wake wa kulia ataiona milima ya Rwenzori, na mkono wa kushoto tambarare zinazoshuka kuelekea Ziwa Edward. Mwisho wa safari hiyo ni Mpondwe, penye geti la mpaka. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika nchi ya Kongo. Ni askari wachache waliotumika upande huo ambao hawaijui barabara hii. Mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe. Mwezi Juni 2023 walirudi usiku, wakaingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuwaua wanafunzi mabwenini mwao. Kabla ya msiba huo wa pili, tarehe 30 Novemba 2021, majeshi ya Uganda yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka kuwafuata waasi hao katika operesheni iliyopewa jina la Shujaa.

Si ajabu, basi, kwamba askari aliye lindoni Bwera huyaelekeza macho yake milimani. Ndiyo kazi aliyoapa kuifanya. Lakini yapo mauti mengine yasiyoshuka kutoka milimani wala kuvuka mto. Katika kambi nyingi husimuliwa habari za koplo aliyekwenda kulala akiwa mzima na kuamka upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, au za inspekta aliyeanguka juu ya meza yake ya kazi kabla ya chakula cha mchana. Wenzake hunong'ona. Mmoja husema amelishwa sumu, mwingine husema amerogwa na aliyekitamani cheo chake. Kumbe mara nyingi nyuma ya vifo vya namna hii upo ugonjwa mmoja wenye jina la kawaida kabisa, ugonjwa uliokaa mwilini miaka kumi au ishirini pasipo kupiga kelele. Waganga huuita shinikizo la juu la damu. Wananchi huuita presha.

Watu wa Bwera wanajua maana ya kuukabili ugonjwa kwa kipimo. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, hospitali ya Bwera ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele. Wagonjwa watatu wa familia moja walithibitishwa kuwa nao. Mtoto wa miaka 5 na bibi yake walifariki dunia. Getini Mpondwe wasafiri walinawa mikono na kupimwa joto la mwili, awe mchuuzi wa samaki au mkubwa wa serikali, na polisi na wanajeshi walisimama hapo kuhakikisha kwamba hapana apitaye kando. Ugonjwa huo haukuenea ndani ya Uganda mwaka ule. Hayo ni mafanikio ya kweli, na yalipatikana kwa chombo kidogo kilichoelekezwa kwenye paji la uso.

Sasa yafaa kuuliza: katika askari wale wote waliosimama getini wakiwalinda wenzao na Ebola, ni wangapi waliokwisha kufungwa kitambaa cha kupimia damu mkononi mwao? Jibu halitafurahisha. Mwaka 2014 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Watu wazima wapatao 26 katika kila 100 walikutwa na shinikizo la juu la damu. Wako waliodhani kwamba huo ni ugonjwa wa Kampala na matajiri wake, lakini katika mikoa ya magharibi hesabu ilikuwa karibu sawa na ile ya nchi nzima. Tena, hilo si jambo la kutisha kuliko yote. La kutisha ni kwamba katika kila wagonjwa 100 waliogunduliwa, hawakufika hata 8 waliokuwa wakijua kwamba wanaumwa. Waliobaki walikuwa wakilima, wakiuza, wakifundisha, na hapana shaka wengine wakipiga gwaride, huku hawana habari.

Ugonjwa huu umetoka wapi? Hapa msikilizaji arudishwe nyuma kidogo, na arudishwe kwa njia ya chumvi.

Kusini ya Kikorongo, ndani ya shimo la volkano iliyozimika, liko Ziwa Katwe. Maji yake hayanyweki. Tangu zamani za mababu wanaume wameingia majini humo hadi kiunoni na kupasua mabamba ya chumvi iliyoganda chini ya ziwa, na kando yake wamekata viwanja vidogo vidogo ambamo maji hukaushwa na jua. Chumvi hiyo ilibebwa kichwani na kwa mitumbwi hadi nchi za mbali, ikabadilishwa kwa majembe, kwa nguo na kwa mifugo. Aliyeishika Katwe alishika hazina. Majeshi ya Mukama Kabalega wa Bunyoro yalipaweka chini ya mamlaka yake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, akifuatana na Kasagama wa Toro, aliwaondoa na kujenga pale ngome aliyoiita George. Kwa hiyo si kichekesho kusema kwamba askari wa nchi hii wamepata kumwaga damu kwa ajili ya chumvi.

Baada ya uhuru serikali ilijenga hapo kiwanda cha kisasa. Hakikudumu. Maji makali ya ziwa yaliyala mabomba na mitambo, na kikasimama. Mishipa ya binadamu haili kutu kama chuma, na mfano huu usichukuliwe kupita kiasi; hata hivyo fundi aliyeyaona mabomba ya Katwe hatapata shida kuyaelewa yatakayosemwa hapa chini.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini katika nchi ya Kenya, alitoa taarifa iliyowashangaza waganga wa Ulaya. Aliwapima watu wapatao 1,000 wa huko. Kwao Ulaya shinikizo la damu lilipanda kadiri mtu alivyozeeka, na wao walidhani kwamba ndivyo Mungu alivyoumba. Donnison aliona kwamba wazee wa Kavirondo hawakuwa na kupanda huko. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa muda wa miaka miwili, hakuandika hata mmoja mwenye ugonjwa huu. Kwa maneno mengine, babu wa huyu koplo aliyepooza hakuwa nao. Haukurithiwa kama shamba.

Uchunguzi wa pili unawahusu askari wenyewe, na inasikitisha kwamba hausomwi katika vyuo vya kijeshi. Miaka ya 1960 Daktari Shaper na wenzake, kutoka chuo cha Makerere, Kampala, waliwachunguza vijana wa Kisamburu wa kaskazini ya Kenya walioandikishwa jeshini. Hawa walikuwa morani, watu wa maziwa na nyama, wembamba, wepesi, waliozoea kutembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe. Chumvi kwao ilikuwa kitu kidogo sana. Waliingia kambini wakiwa na mioyo ambayo daktari yeyote angeitamani. Wakapewa buti, sare, kitanda na chakula cha jeshi. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1969 ilionyesha kwamba baada ya muda wa utumishi miili yao iliongezeka na shinikizo la damu yao likapanda kuliko la ndugu zao waliobaki na mifugo. Wachunguzi walipokitazama chakula cha jeshi walikuta kwamba chumvi iliyokuwamo ilizidi mno ile waliyoizoea manyattani.

Wasikilizaji, jambo hilo lisikiwe vizuri. Hawakuwa wazee hao. Hawakuwa wavivu; walikimbia kila alfajiri. Hawakuwa maofisa wanene wa kuendeshwa kwa gari. Walikuwa makuruta.

Miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 1990, ilichapishwa taarifa ya kikundi kingine cha wachunguzi kilichowafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Shinikizo la damu la wahamiaji lilianza kupanda mapema, katika wiki za kwanza mjini, na mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi imeongezeka mwilini na madini ya potasiamu, yaliyomo katika ndizi, maharagwe na mboga za majani, yamepungua. Uhamisho kutoka kijijini kwenda mjini, na uandikishaji kutoka kijijini kwenda kambini, ni safari mbili zinazofanana. Kijana wa Kikonzo kutoka miteremko ya juu ya Kasese, aliyekua akila muhogo, sombe, maharagwe na ndizi kutoka shamba la mama yake, naye huifanya safari hiyo siku anayovaa sare.

Na je, anakuta nini katika sufuria ya kambi? Anakuta posho na maharagwe. Hicho si chakula kibaya. Maharagwe ni chakula cha maana sana, na wako watu Ulaya wanaolipa fedha nyingi kushauriwa kuyala. Taabu ni yale yanayotiwa ndani yake. Mpishi hutupa chumvi kwa kiganja, kwa kukisia, na kwa kuwa maharagwe ya gunia la zamani hayaivi upesi, huongeza magadi ili yalainike. Na magadi nayo yana madini yale yale ya sodiamu yaliyomo katika chumvi. Siku ya mboga hutiwa unga wa mchuzi wa viwandani, ambao sehemu kubwa yake ni chumvi iliyotiwa rangi. Kisha askari huketi, na kabla hajaonja hunyoosha mkono kuchukua kikopo cha chumvi kilichoko mezani. Jioni akitoka kwenda senta hununua samaki wa chumvi wa Ziwa Edward, au mshikaki, na chupa ya kinywaji cha kusukumizia.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na hesabu hiyo ni ya chumvi yote, ya chunguni na ya mezani na ya ndani ya mkate. Watu wa dunia kwa wastani hula zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa mpishi wa kambi hesabu ni rahisi. Watu 100 mara gramu 5 ni gramu 500. Nusu kilo kwa watu mia moja kwa siku nzima, uji na maharagwe na nyama kwa pamoja. Mkuu wa kambi akitaka kujua hali ya moyo wa vijana wake asianze kwa daktari. Aanze bohari, aulize gunia la chumvi hukaa siku ngapi.

Haina maana kwamba chumvi ni sumu. Mwili hauwezi kuishi bila chumvi kabisa, na chumvi ya dukani hutiwa madini ya joto, ambayo huwakinga watoto na uvimbe wa shingo. Askari aliyeshinda juani siku nyingi akitokwa na jasho jingi ana mahitaji yake, na jambo hilo ni la mganga wa kikosi kuamua. Wala Katwe peke yake isitwishwe lawama, maana chumvi nyingi iliyoko madukani Kasese hutoka nje ya nchi, hasa pwani ya Kenya. Suala ni kiasi.

Chumvi huvuta maji. Ikizidi mwilini, figo hushindwa kuitoa yote upesi, na maji hubaki pamoja nayo ndani ya mishipa. Damu huongezeka ujazo wakati bomba ni lile lile, na msukumo unapanda. Miaka inavyopita mishipa, ikipigwa kwa nguvu kila pigo, hujibu kwa kukaza na kuwa migumu. Ikiwa migumu, msukumo unazidi kupanda, na hapo ugonjwa hujilisha wenyewe. Tumbaku huubana mshipa zaidi. Pombe, unene na kukosa usingizi huongeza, na juu ya usingizi polisi wa zamu za usiku hahitaji kuelezwa na mtu.

Moyo ni msuli. Askari anapobeba vyuma, msuli wa mkono wake hunenepa na wenzake humsifu. Moyo nao ukisukuma kila siku dhidi ya mishipa iliyokaza hunenepa, lakini unene huo hauna sifa. Ukuta wa chumba cha kushoto, ambacho ndicho kinachopeleka damu mwilini, huwa mnene na mgumu. Nafasi ya kupokea damu hupungua, na vijishipa vinavyoulisha msuli wenyewe havitoshi tena. Kwa muda mrefu mwenyewe hasikii lolote. Kisha moyo unachoka, unatanuka, na damu inarudi nyuma mapafuni. Hapo ndipo sajini aliyekuwa akipanda milima akiimba huanza kusimama njiani kwa kisingizio cha kufunga kamba za buti. Husema ni hewa nyembamba ya Rwenzori. Usiku huamka akihema na kuketi kitandani; jioni miguu huvimba na buti zilizomtosha asubuhi humbana. Wengine hawafiki huko. Mshipa wa moyo uliokwisha kuharibika huziba ghafla, au mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba, na hicho ndicho kiharusi. Figo na macho navyo huharibika kwa mishipa hiyo hiyo.

Jambo hili lote laweza kujulikana mapema kwa kipimo cha dakika chache kisichotoa hata tone la damu, na waliovaa sare wana haki ya kujivunia asili yake. Kitambaa cha kujazwa upepo kinachofungwa mkononi kilibuniwa na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896. Lakini aliyegundua namna ya kusikiliza mshipa chini ya kitambaa hicho, na hivyo kupata namba zote mbili, alikuwa daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, aliyewahudumia majeruhi wakati wa vita vya Urusi na Japani. Katika kuichunguza mishipa ya askari waliojeruhiwa alizitambua sauti zinazotokea damu inapoanza kupita tena, na mwaka 1905 alizieleza mbele ya waganga wenzake katika chuo cha utabibu wa kijeshi huko St. Petersburg. Namba ya juu ni msukumo moyo unapopiga. Ya chini ni msukumo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mwenye 120 kwa 80 hana haja ya kuwa na hofu. Anayefikia 140 kwa 90 au kuzidi, akapimwa tena siku nyingine na kukutwa vile vile, ana ugonjwa.

Neno "siku nyingine" lina uzito wake. Mtu asipimwe ametoka kwenye gwaride, wala akiwa na sigara iliyozimwa sasa hivi, wala baada ya kikombe cha kahawa, hata kama kahawa hiyo ni ile nzuri ya miteremko ya Kasese. Aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Kipimo kilichochukuliwa mbiombio mlangoni, foleni ikisukumana na sajini meja akifoka, hakimsaidii yeyote.

Hata hivyo kizuizi kikubwa si uhaba wa vitambaa. Kizuizi ni woga. Askari asiyeogopa risasi huogopa namba. Huhofia kwamba akiandikwa kuwa mgonjwa jina lake litafutwa kwenye orodha ya kozi, au cheo kitampita, au atastaafishwa na hali watoto bado wanasoma. Kwa hiyo hukwepa zahanati, au humsihi mganga asiandike. Ofisa naye huwa na woga wa aina yake, kwa sababu huona haya kuonekana dhaifu mbele ya anaowaamuru.

Historia ya vita inao mfano mmoja mkubwa wa kuficha. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani na Amiri Jeshi Mkuu wa nchi yake katika vita vya pili vya dunia, alipimwa mwezi Machi 1944 na daktari kijana wa moyo katika jeshi la wanamaji, jina lake Bruenn. Shinikizo lilikuwa 186 kwa 108. Moyo ulikuwa umetanuka na kuanza kushindwa kazi. Wananchi waliambiwa na daktari mkuu wa Rais kwamba afya yake ni njema. Alipunguziwa chumvi na kupewa dawa zilizokuwapo, lakini siku zile hapakuwa na kidonge kilichoweza kushusha shinikizo kwa uhakika. Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma, akazimia; kipimo kilionyesha 300 kwa 190, na saa chache baadaye akafa kwa mshipa uliopasuka kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 63. Ujerumani ilisalimu amri wiki nne baadaye, naye hakuiona siku hiyo.

Roosevelt alikosa dawa ambazo leo ni vidonge vya bei nafuu, vingine vya kukojosha ili chumvi na maji ya ziada vitoke, vingine vya kulegeza mishipa. Askari wa leo akifa kwa ugonjwa ule ule, amekufa kwa kitu ambacho Amiri Jeshi Mkuu yule angekilipia kwa dhahabu. Mkuu wa kikosi anao wajibu hapa usioweza kukabidhiwa zahanati peke yake. Ajulikane hadharani kwamba naye amepimwa, na askari wake waone kwamba koplo anayekunywa vidonge vyake na kutulia anabaki kazini. Woga huo utapungua zaidi kuliko kwa mihadhara kumi. Mwenye presha iliyotulizwa ni mtu wa kazi. Wa kuogopwa ni yule asiyejulikana, aliyekabidhiwa usukani wa lori lenye watu thelathini kwenye kona za mlimani.

Vidonge vyenyewe vina masharti. Si dawa ya siku saba kama ya malaria. Mgonjwa humeza, hupimwa, huambiwa namba imeshuka, hufurahi, huacha. Na namba hurudi ilipokuwa. Kwa askari kuna taabu zaidi ya hiyo, nayo ni uhamisho. Leo yuko Bwera, kesho ameandikiwa kwenda Moroto, na kadi yake ya matibabu imebaki katika kabati la zahanati. Wananchi wa Kilembe wanajua inavyokuwa matibabu yakikatika: mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, hospitali yao iliharibiwa na mafuriko, na wenye kuhitaji dawa ya kila siku ilibidi wahangaike. Mafuriko hayatangazwi mapema, lakini amri ya uhamisho huandikwa. Karani anayeandika barua ya safari na mgao wa mafuta ya gari aweza kuandika pia, bila kutaja ugonjwa wa mtu, kwamba askari huyu asiondoke kabla ya kupita zahanati kuchukua kadi yake na vidonge vya miezi miwili.

Wake wa kambini nao wasisahauliwe. Mwanamke mja mzito ambaye shinikizo lake linapanda, kichwa kikamuuma na macho yakaona nyota, yuko katika hatari ya kifafa cha mimba, na hatari hiyo haingoji mume arudi kutoka doria.

Limebaki jambo moja, nalo ni la usiku. Mwenzako akishikwa na maumivu ya kukaba katikati ya kifua yanayokwenda begani au tayani, huku jasho baridi linamtoka, asiambiwe alale itapoa. Mdomo ukipinda upande, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakitoka yamekatika, asimwagiwe maji wala asipewe chakula au kinywaji, kwa kuwa koo lake laweza kuwa limelegea na kitu kikampalia. Asitafutiwe mganga wa kienyeji wa kumwondolea majini. Alazwe ubavu kama amezimia, mkanda na kola vilegezwe, na gari la zamu litolewe hata kama ni la mkubwa. Kama ni upande wa mpaka apelekwe Bwera. Kama ni njiani, Kagando. Kama ni mjini Kasese, hospitali iliyo karibu zaidi. Daktari atakayempokea atauliza dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu matibabu mengine ya mshipa ulioziba hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Kwa hiyo mkuu wa lindo, kabla gari halijatoka getini, aandike saa hiyo katika karatasi na kuitia katika mfuko wa shati la mgonjwa.